Baba Alipojifunza Kukamua Ngamia

Ukitaka kuelewa shida iliyompata baba yangu, inuka hapo ulipokaa usimame kwa mguu mmoja. Mguu wa pili ukunje, wayo wake uegemee goti la ule uliosimama, ili paja litokeze mbele yako kama rafu. Sasa juu ya paja hilo weka bakuli. Usilishike, kwa sababu mikono yote miwili ina kazi. Tulia. Ukiweza kukaa hivyo kwa muda wa kuimba wimbo mfupi, huku mnyama mwenye kimo cha mlango akikugeukia kukutazama usoni, basi una kipaji na ungeweza kuwa mkamuaji wa ngamia. Ukianguka, usijali. Baba alianguka sana.

Nilikuwa darasa la sita. Nyumba yetu ya Garissa ilikuwa na mama, mabinti wanne na baba, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi. Alizaliwa porini huko upande wa Bute, lakini akiwa mdogo sana alipelekwa kusoma mjini, na ndugu zake wote wakabaki na mifugo. Alijua ngamia kama watu wa mjini wanavyojua ngamia: kwa mbali, kwa heshima, na kwenye sahani.

Mwaka ule mama yake baba, ambaye sisi tulimwita Ayeeyo kama bibi wote wanavyoitwa kwetu, aliletwa Garissa kutibiwa macho. Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji, likafunikwa, likafunuliwa, na mara akaanza kuona mambo ambayo tulikuwa tumefurahi asiyaone, kama vumbi chini ya makochi. Jicho la pili daktari alisema lisubiri mwezi mzima. Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Ayeeyo hakupenda mji. Na zaidi ya yote hakupenda maziwa ya mji.

"Haya ni maji yaliyopita karibu na ngamia," alisema kila mama alipomletea kikombe kutoka sokoni. Alinusa, akarudisha. Chai hakunywa bila maziwa, uji hakuutaka, nyama aliila kidogo sana. Kwa mtu aliyekunywa maziwa ya ngamia asubuhi na jioni maisha yake yote, hicho hakikuwa kiburi, ilikuwa njaa. Tulimwona akipungua.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alisikia habari hizo kwa simu. Siku chache baadaye lori la mifugo linalotoka kaskazini kuja soko la Garissa lilisimama mbele ya lango letu, na wanaume wanne wakamteremsha ngamia jike mwenye rangi ya mchanga, pamoja na ndama wake mwenye miguu mirefu kuliko akili. Dereva alisema lori litakuwa mjini hadi Jumatatu, kisha linarudi.

Ayeeyo alimzunguka yule ngamia akimpapasa, akasema mashallah, kisha akamgeukia baba.

"Sasa nani atakamua?"

Hapa yafaa nieleze. Kwetu mwanamke hukamua mbuzi na hukamua ng'ombe, lakini ngamia hukamuliwa na wanaume. Nimeuliza sababu maisha yangu yote. Kila mtu ana sababu yake, na hakuna mbili zinazofanana. Lakini katika jambo lenyewe hakuna anayebishana. Kwa hiyo Ayeeyo alipouliza nani atakamua, macho yote manne ya wadogo zangu, na yangu, na ya dada mkubwa, na ya mama, yalimwendea mtu mmoja aliyevaa suruali ya kupigwa pasi na kalamu mfukoni.

"Nitatafuta kijana sokoni," baba alisema. "Tumlipe."

"Nimezaa wanaume watano," Ayeeyo akasema. "Wanne wamenikamulia tangu wakiwa na meno ya utoto. Wewe nilikupa shule. Sikulalamika. Lakini maziwa ya ngamia huyu nitakunywa yakitoka mkononi mwako. Vinginevyo Jumatatu narudi na lori."

"Mama, na jicho?"

"Hili moja linanitosha kuona nani ananipenda."

Baba alijua kwamba akirudi Bute hatatoka tena, na jicho la pili litazimika. Alijua pia kwamba mama yake hakuwa anatisha tu, kwa sababu mzigo wake ulikuwa tayari umefungwa kwa kamba pembeni ya mlango. Basi akakunja mikono ya shati.

Jioni ile ya kwanza hakupata hata tone. Kosa lilitoka kwa jirani yetu, fundi wa mawe aliyetoka Kitui, mtu mkarimu ambaye alikuwa tayari kumshauri mtu yeyote juu ya jambo lolote. Alichungulia juu ya ukuta wa mabati.

"Mwalimu! Unataka kukamua? Chukua stuli. Mnyama anakamuliwa ukiwa umekaa, ndiyo asikuogope."

Baba akaleta stuli ya jikoni. Akakaa. Kiwele cha ngamia kikawa juu ya kichwa chake kama taa ya sebuleni. Akanyoosha mikono juu, akaonekana kama mtu anayebadilisha balbu. Ngamia aligeuza shingo yake ndefu, akainama, akanusa nywele za baba, ambazo zilikuwa na mafuta ya kunukia, kisha akapiga chafya. Sitaeleza zaidi. Mama alifua ile suruali mara tatu.

"Hii si ng'ombe," Ayeeyo alimwambia yule fundi kwa Kiswahili chake kidogo, akimnyooshea bakora kupitia mabati. "Hii ngamia. Wewe jenga nyumba."

"Samahani, mama."

"Jenga nyumba tu."

Kesho yake ikawa siku ya masomo. Ayeeyo alikaa kwenye kiti cha plastiki kivulini akaanza kumfundisha mwanawe kazi ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuifanya hata siku moja. Lakini alikuwa ameitazama asubuhi na jioni kwa miaka yote ya maisha yake, na alikuwa na maoni. Kwanza ndama anyonye kidogo, ili mama yake ashushe maziwa. Kisha ndama asogezwe, mkamuaji aingie upesi, asimame kwa mguu mmoja, bakuli pajani, amwimbie ngamia, avute kabla maziwa hayajapanda tena. Chuchu mbili za mtu, mbili za ndama. Na kati ya kukamua na kukamua, zile mbili za mtu zifungwe, ili ndama asimalize kila kitu.

"Zifungwe na nini?" baba aliuliza. Alikuwa akisikiliza kwa makini, mikono nyuma, kama mwanafunzi mzuri.

"Gome la mti. Laini."

Katika mtaa wetu miti ilikuwa miwili, na yote ilikuwa ya watu. Dada mkubwa, ambaye alikuwa kidato cha pili na alipenda sana kutengeneza vitu, aliingia ndani akatoka na raba zake za kufungia nywele. Zilikuwa za rangi ya waridi, na moja ilikuwa na kipepeo. Ziliingia vizuri kabisa. Kwa siku mbili watoto wote wa mtaa walikuja kuangalia ngamia aliyesukwa upande wa chini. Kisha ndama akamla kipepeo, na dada akalia, na baba akaahidi kumnunulia mwingine, na Ayeeyo akasema hiyo ndiyo faida ya gome, halina kipepeo.

Lakini kazi kubwa ilibaki ile ya mguu mmoja. Nakuambia ukweli, sikujua kwamba mtu mzima anaweza kushindwa kusimama. Baba alifanya mazoezi sebuleni akitazama taarifa ya habari, sufuria tupu juu ya paja. Sufuria ilianguka. Akabadilisha mguu. Ikaanguka upande wa pili. Mama aliyekuwa akikunja nguo hakuinua macho.

"Ukivunja meza ya kioo, na mimi napanda lori."

Dada mkubwa ndiye aliyeona kwamba baba anahitaji kitu cha kujifunzia. Alinunua glavu za mpira kwenye duka la dawa, akajaza moja maji, akafunga kidole gumba kwa uzi kwa sababu ngamia ana chuchu nne tu, akatoboa vidole vingine kwa sindano, kisha akaining'iniza kwenye kamba ya kuanikia nguo, juu kidogo ya kiuno cha baba. Kama una mtoto nyumbani anayejifunza kitu kigumu, nakushauri umtengenezee glavu yake, ya aina yoyote ile. Ni rahisi, na mtu akishindwa na glavu haoni aibu kama akishindwa na ngamia.

Ila glavu nayo ilikuwa na watazamaji. Asubuhi moja baba alikuwa uani, mguu mmoja juu, kikoi kimefungwa kiunoni, sufuria pajani, akiivuta ile glavu kwa upole mkubwa na kuinong'oneza. Fundi alichungulia juu ya mabati. Alitazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu," akasema polepole, "uko salama?"

"Niko salama."

"Hiyo ni... ya nani?"

"Ya ngamia."

"Sawa." Fundi akashuka. Tukamsikia akimwambia mkewe, "Huyu mzee wa watu kazi ya hesabu imemchosha. Mpelekeeni hata ndizi."

Ndizi zililetwa. Tulizila.

Kufikia Jumamosi baba aliweza kusimama. Alitetemeka kidogo, lakini alisimama, na maji ya glavu yaliingia kwenye sufuria badala ya kwenye kiatu. Tulipiga makofi. Sasa ikabaki wimbo. Wachungaji wana nyimbo zao za ngamia, kila mmoja na zake, lakini hizo mtu huzipata utotoni akitembea nyuma ya mifugo, na baba utoto wake aliupitisha bwenini. Ayeeyo alikataa kumfundisha.

"Wimbo haukopwi. Tafuta wako."

Baba alifikiri. Jioni ile, baada ya ndama kunyonya kidogo na kusogezwa pembeni na dada, aliingia, akasimama kwa mguu mmoja, akasafisha koo, na akaimba wimbo ambao aliuongoza shuleni kila Jumatatu na Ijumaa. Ulikuwa wimbo wa taifa. Sisi wanne tukanyooka wima papo hapo, mikono ubavuni. Ng'ambo ya mabati fundi, aliyekuwa amebeba ndoo, naye alisimama. Ngamia pia alisimama. Alisimama kikamilifu, hakutoa kitu, na wimbo ulipokwisha akaenda zake kula majani.

Ayeeyo hakucheka. Jumapili alimwita mama akamwomba amsaidie kuzungushia mzigo wake kamba ya pili. Mama aliifunga, lakini niliona amefunga fundo la kufunguka kwa kuvutwa kidogo tu. Usiku ule baba hakula vizuri. Alikaa ukumbini karibu na mama yake, na walizungumza habari za watu wa zamani, na hakuna aliyetaja maziwa.

Jumatatu asubuhi lori lilifika mapema kuliko tulivyotarajia. Dereva aliegesha mbele ya lango, akapiga honi, akaingia kusalimia. Alipoona mzigo, aliubeba akaupeleka kwenye kiti cha mbele, na Ayeeyo akavaa shuka yake ya safari. Baba alikuwa anapaswa kuwa shuleni. Badala yake alikuwa uani na kikoi chake na bakuli la Ayeeyo mwenyewe, lile la kufumwa kwa nyuzi za mizizi ambalo alitoka nalo Bute, linalonuka moshi.

"Mama, subiri kidogo tu."

"Dereva ana safari ndefu, mwanangu."

"Kidogo tu."

Dereva akasema hana haraka, akachuchumaa karibu na lango. Hakuna mwanamume wa kwetu anayeweza kupita mahali mwingine anakamua asitazame.

Dada akamleta ndama. Ndama akanyonya, povu likamtoka mdomoni. Dada akamvuta. Baba akaingia, akainua mguu, akaweka bakuli. Hakuwa na wimbo. Alifungua mdomo, akaufunga. Na nadhani ilikuwa ni woga tu, kwa sababu baba yangu alipoogopa alifanya jambo moja, alilifanya hata kwa daktari wa meno, naye alianza kulifanya hapo. Kwa sauti ya chini, ile ile ya kuvutavuta anayoitumia darasani kwa watoto wadogo, alianza:

"Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne..."

Sikio la ngamia likageuka.

"Saba mara tatu, ishirini na moja..."

Tukasikia. Ukiwahi kusikia maziwa yakigonga bakuli kavu, huwezi kuichanganya sauti hiyo na nyingine. Ilikuwa moja, kisha nyingine, kisha ikawa mfululizo. Dereva akainuka. Mama akaweka mkono mdomoni. Ayeeyo aligeuza uso ili jicho lile zuri litazame sawasawa.

"Anamwimbia nini?" alinong'ona.

"Hesabu, Ayeeyo," dada akajibu.

"Anahesabu ngamia?"

"Hapana. Saba tu."

"Saba wa nani?"

"Nyamaza, Ayeeyo, tafadhali, yanatoka!"

Yalikuwa yanatoka kweli. Povu lilipanda kwenye bakuli. Baba alifunga macho kwa furaha, sauti ikapanda kidogo, mguu umesimama imara kama nguzo ya simu, akapita saba mara sita, akapita saba mara saba, na hapo furaha ikamzidi.

"Saba mara nane," akasema mwalimu wa hesabu, "hamsini na nne..."

"Na sita!" tukapiga kelele sote wanne kwa pamoja.

Hatukukusudia. Tulikuwa tumefunzwa na yeye mwenyewe tangu tulipoanza kuongea kwamba kosa la hesabu halipitwi. Lakini ngamia hakuwa amefunzwa. Aliruka upande mmoja, akapiga teke hewani, na baba akaenda chini mgongo ukitangulia. Nitakachokumbuka daima ni lile bakuli. Alianguka mzima mzima, kichwa, viwiko, kikoi kimefunguka, lakini mikono yote miwili ilikuwa imelidaka bakuli na kuliinua juu ya kifua kama mtu anayevuka mto na mtoto. Maziwa mengi yalimwagika shingoni mwake. Yaliyobaki yangejaza kikombe cha chai.

Baba aliketi mchangani, akalitazama bakuli, akainuka akichechemea, akalipeleka kwa mama yake kwa mikono miwili.

Ayeeyo alinusa. Akanywa kidogo, akasimama, akanywa tena, akaendelea hadi mwisho bila kuondoa midomo, kisha akafuta povu kwa kidole na kidole nacho akakiramba. Alimrudishia baba bakuli.

"Una mikono migumu," akasema. "Umemvuta kama kamba ya kisima. Umemsimamia upande usiofaa. Na hao watoto wako wafungiwe ndani."

"Ndiyo, mama."

"Dereva, niteremshie mzigo wangu."

Dereva alitazama bakuli tupu. "Ayeeyo, lakini hayo yalikuwa kikombe tu. Huko nyumbani utakunywa bakuli zima."

"Nimeona. Huyu nikimwacha peke yake na huyu mnyama hadi mwezi ujao, atamharibu. Ngamia wa watu! Lazima mtu mwenye macho akae hapa." Akafikiri kidogo. "Mwenye macho mawili."

Mama alienda kwenye lori mwenyewe, akavuta fundo mara moja, kamba ikaachia, na shuka za Ayeeyo na viatu vyake na birika lake vikamwagika kwenye kiti cha dereva. Sisi tukabeba kila mtu na chake, tukakimbia navyo ndani kabla hajabadilisha mawazo. Baba alibaki amesimama pale pale, maziwa yakimkauka shingoni, nzi wakianza kumpenda, akitabasamu kwa namna ambayo darasani hatukuwahi kuiona.

Lori likawashwa. Ayeeyo alisogea hadi dirishani, akaigonga bodi kwa bakora, na dereva akainamisha kichwa amsikilize.

"Ukifika, waambie wanangu kwamba mwalimu amenikamulia," alisema. "Waambie wote wanne, mmoja mmoja. Na usiwaambie ni kiasi gani."